Sirudi Makete, Baba Tumaini

Baba Tumaini,

Mkeo sijambo, na usidhani nasema hivyo kwa sababu barua huanza hivyo. Sijambo kweli. Leo asubuhi nimeteremka kilima hiki cha Madale mpaka barabara kubwa, nikapanda tena, bila fimbo. Magoti yale uliyokuwa ukinikanda kila Juni, sakitu ikiwa imeganda nyeupe juu ya majani ya viazi, sasa yamenyamaza.

Ninakuandikia kwa sababu kuna jambo nimelifanya, na nataka ulisikie kwangu mwenyewe. Nimekuanika mbele ya ukoo wako. Subiri, usinune, nianzie mbali kidogo.

Unakumbuka Tumaini alivyokuja kutuchukua. Binti yetu, mwalimu mkuu msaidizi kabla hajafika miaka arobaini, mwenye nyumba ya vigae na vyoo viwili ndani. Alisema baba umeshastaafu misitu, mama umeshastaafu jiko la sekondari, mnangoja nini kwenye baridi hii? Nani mwingine kijijini kwetu alifuatwa na mtoto wa kike kwa gari lake mwenyewe? Nitajie mmoja. Nilipanda taratibu makusudi, kila mtu aone. Na wewe ukakaa na koti lako zito mpaka Chalinze, jasho linakutiririka, unasema jioni ikifika baridi itatukuta.

Wiki za kwanza tulikuwa kichekesho cha mtaa. Feni ya chumbani uliigeuza ikatazama ukuta, isije ikatuletea kichomi. Na maji ya kuoga tulichemsha kama nyumbani. Bi Zuhura, jirani yetu wa Lindi, akaiona sufuria inafuka saa saba mchana, akauliza nani kajifungua humu ndani. Nikamwambia ni maji ya mzee ya kuoga. Mwanamke yule alikaa chini kabisa kwa kicheko. Alipopata pumzi akakuita mlangoni, "Hongera, Baba Mzazi." Jina likabaki. Hata siku ya msiba nilimsikia analia, "Baba Mzazi katuacha."

Halafu magoti yangu yakapona. Mwezi wa tatu fimbo nikaipeleka stoo. Na mie unanijua, nikipata kitu sikai nacho kimya. Nilisema kanisani, nilisema dukani, nilikwambia wewe asubuhi na jioni: jasho ni dawa, linatoa kila ugonjwa ulioingizwa na baridi. Miaka yote ya ndoa ulikuwaga hunisikilizi. Neno hilo moja ukalisikiliza.

Mchana ulikuwa unakaa sakafuni, mgongo kwenye ukuta, miguu kwenye beseni la maji. Nikikuuliza unasema, "Liache litoke, Mama Tumaini, ndiyo uzima huu." Nikajua unazoea, kama nilivyozoea mie. Mpaka siku ile uliyotoka kupalilia mchicha, ukafika mlangoni, ukashika fremu, na

Nimeliacha hivyo. Unajua kilichofuata.

Nilikuwa nafungasha nguo zako za safari ya mwisho. Tumaini yuko sebuleni na wageni. Nikatia mkono kwenye mfuko wa koti, lile ambalo Dar nzima hakuna mtu angeligusa, nikakuta dawa zako za presha. Za miezi mitatu. Vidonge vyote vimekaa kwenye karatasi zake kama vilivyotoka hospitali. Na kila asubuhi ulikuwa unapeleka mkono mdomoni mbele yangu na kushushia glasi nzima ya maji! Nilikasirika, Baba Tumaini. Umelala pale huna la kujibu, na mie nina maneno ya mwaka mzima. Nikazitia kwenye mkoba wangu, nikafunga zipu.

Tulikuzika kwenu Makete, kwa heshima zote, kwaya mbili. Matanga yalipoanuliwa, mdogo wako Ezekia akaita kikao. Alisimama na blanketi mabegani akasema, "Kaka alikuwa mzima hapa miaka yote. Dar imemmaliza, na aliyempeleka ni shemeji na magoti yake. Sasa abaki hapa, alinde kaburi." Watu wote wakatazama magoti yangu. Na yalikuwa yamevimba tena, siku tisa tu za baridi ile. Wanawake wenzangu wako chini kwenye mikeka, mie nimekalia kiti kama mgeni. Tumaini akataka kuinuka. Nikamvuta kitenge.

Ningeweza kunyamaza. Mke mwema husitiri aibu ya mumewe, na mie nimezisitiri nyingi. Siku ile ulipopotea ndani ya msitu wako mwenyewe, bwana misitu mzima, nani aliwaambia watu ulikuwa doria? Lakini nikaona nikinyamaza leo, wananizika pembeni yako huku napumua. Nikafungua mkoba, nikaweka zile dawa mezani.

Nikawaambia, "Joto halikumuua. Aliacha dawa akanificha. Na aliyemwambia jasho linaponya ni mimi, kwa mdomo wangu huu. Hilo nitalibeba. Ila nitalibeba nikiwa Madale."

Ezekia akadakia, kumbe amekiri mwenyewe. Nikamjibu kwamba kukiri si kufungwa. Asubuhi yake tukaondoka.

Nisamehe kwa hilo. Au usinisamehe, bado ningelifanya.

Daktari amenieleza tangu hapo, taratibu, maana mie darasa la saba. Anasema mtu mzima akitoka baridini akahamia joto, mwili unafanya kazi ya ziada mpaka uzoee. Inatakiwa apimwe mapema, dawa zake ziangaliwe upya, anywe maji hata kama hana kiu. Hatukuuliza. Tulihamisha magunia ya viazi na vyombo vyote, miili tukadhani itafuata yenyewe. Sasa kila mwezi naenda kupimwa, na Bi Zuhura namburuta hata akigoma. Na kanisani nikisikia mama yeyote anasema jasho ni dawa, nasimama kumsahihisha. Wananiona mjuaji. Ni kweli, mie mjuaji, nimelipia.

Ezekia hajanisalimia mpaka leo. Lakini mkewe alinipigia simu akinong'ona. Baada ya kikao kile aliinua godoro lao, akakuta dawa za presha za mume wake, nazo hazijaguswa. Sasa Ezekia anameza mbele yake na kuachama mdomo, mke achungulie mpaka chini ya ulimi. Umemwokoa mdogo wako, na mie nimo.

Sitakudanganya kwamba ni raha tupu. Ikifika mchana siwezi kukanyaga pale sakafuni ulipokuwa unakaa. Nazunguka nyuma ya makochi kwenda jikoni. Tumaini ananiona, anayasogeza makochi nipate njia. Mtoto mwenye adabu, nilimlea mwenyewe.

Basi, mume wangu, naishia hapa, mkono umechoka. Nakuahidi kila mwaka sakitu ikiisha nitakuja Makete, nipalilie kaburi lako, nikugombeze kidogo, kisha nirudi kwenye jua langu. Na zamu yangu ikifika, Tumaini ameshaelekezwa: upande wako wa kulia. Nitalala hapo na sitalalamika baridi. Lakini siku hiyo atakayeniita ni Mungu. Ezekia hawezi.

Mkeo,
Mama Tumaini, wa Madale