Wimbo Usiotua

Jumanne, 3 Juni
Nimetoka kufundisha shule saa tisa. Kichwa kinauma, vumbi mpaka kwenye meno. Nimekula kiporo, nikakaa kwenye kinanda. Mdogo wangu Rehema anataka muziki wa filamu yake ya mzimu, ile aliyoirekodi kwenye miamba ya Kolo. Anautaka uwe kama wa zile kanda za kutisha tulizoangalia tukiwa wasichana: mlio mwembamba wa umeme, chini yake mngurumo. Nimempelekea jaribio la nne. Amelikataa. "Dada, hii inaleta usingizi. Mzimu wako kaokoka."
Nimecheka. Halafu nikaudhika.

Ijumaa, 6 Juni
Nimelijua kosa. Miaka ishirini na mbili ya kupigia kwaya. Kila nikijaribu kutisha, vidole vinarudi vyenyewe kwenye sauti ya kumalizia, ile inayowaambia waumini sasa kaeni. Mazoea yana taabu. Leo nimejilazimisha kuuacha wimbo unaning'inia, bila kutua. Saa nzima. Mgongo unawaka. Rehema kapiga simu akipiga kelele: "Hapo sasa! Nimewasha taa mchana kweupe!"
Nimefurahi mno. Kanisani napiga nyimbo za wenzangu. Huu ni wangu.

Jumatano, 11 Juni
Nimeharibu. Ibada ya mazishi ya mke wa Mzee Chilewa, mwenyekiti wa wazee wa kanisa. Nilikuwa hoi, wiki nzima sijalala vizuri. Wimbo wa mwisho vidole vikauacha unaning'inia, kama ule wa Rehema. Sikutambua. Watu hawakukaa. Wamesimama, wanatazamana, jeneza liko mbele. Mtoto mmoja akaanza kulia. Nilipozinduka mchungaji alikuwa ameshawaashiria wakae.
Aibu. Maji yakimwagika hayazoleki.

Alhamisi, 12 Juni
Kwaya wamezipata habari za filamu. Wanasema nimeingiza mapepo kanisani. Mwalimu wa kwaya hapokei simu yangu. Kiti kile cha kinanda ndicho kilichonishika nilipofiwa na mume wangu. Wakininyang'anya, Jumapili sijui nitakuwa nani.
Sijasahihisha hata daftari moja.

Jumamosi, 14 Juni
Mzee Chilewa kaja mwenyewe, saa nne asubuhi. Shikamoo, marahaba, chai. Hakuzunguka: kuanzia kesho kinanda atapiga mwingine, waumini wameogopa. Nikasema sawa, mzee. Sikulia. Nguvu za kulia sina.
Nilidhani ataondoka. Akabaki, kofia magotini.
"Mwanangu, tangu tuzike, kila anayekuja ananiambia basi, yamekwisha, mshukuru Mungu. Wimbo wako siku ile haukuniambia hivyo."
Akaomba nimpigie tena.
Nimempigia ule wa Rehema, wote. Nje upepo, bati linagonga. Chai yake ikapoa. Nilipofika mwisho hakuinuka. Nikaanza upya.