Gurudumu la Mbele Kulia

Alhamisi jioni, nyumbani Zuzu. Upepo umevuma tangu asubuhi, vumbi limeingia hadi kwenye bakuli la sukari. Mikono yangu bado inanuka grisi.

Leo nimeogopa kuliko siku yoyote tangu ile ajali.

Sijawahi kuiandika hapa. Miaka minne iliyopita mimi na dada yangu Joyce tulipinduka na gari tukitoka Makutupora. Tairi lilipasuka. Mimi nilivunjika mfupa wa bega, ukaunga. Joyce anachechemea mpaka leo. Jambo ambalo sijamweleza mtu vizuri ni kwamba siku ile gari halikutoa dalili yoyote. Tulikuwa tunacheka, mara tuko miguu juu. Tangu hapo naendesha nikiwa nimetega masikio, nasikiliza gari kama mtu anavyosikiliza pumzi za mgonjwa.

Ndiyo maana hakuna anayeniamini tena.

Mara ya kwanza nilisikia kitu kinagonga nyuma, kumbe chupa ya maji ya binti yangu Rehema inabiringika chini ya kiti. Mara ya pili kijiwe kilikuwa kimenasa kwenye tairi. Mara ya tatu fundi alifungua kila kitu na hakuona chochote. Mume wangu Elia si mtu mbaya. Alicheka, nami nikacheka naye. Lakini wiki iliyopita, nilipomwambia gurudumu la mbele linaunguruma, hakuinua hata macho kwenye simu.

"Mama Rehema, hilo gari lina miaka mingi kuliko ndoa yetu. Acha liongee. Huo ni woga wako tu."



Safari hii haukuwa mlio wa kugonga. Ulikuwa mngurumo wa chini, kama mashine ya kusaga inayofanya kazi mtaa wa pili. Ulianza spidi ikifika hamsini, ukapanda kadiri nilivyokanyaga mafuta, ukafifia nikipunguza. Kila asubuhi nyuma yangu wamekaa Rehema na Upendo, mtoto wa jirani yetu, ana miaka sita. Nawachukua wote wawili hadi mjini, kwenye shule ninayofundisha. Wao huimba njia nzima. Mimi nilikuwa naongeza sauti ya redio ili nisiusikie mngurumo.

Narudia, maana hapo ndipo penye aibu yangu. Nilikuwa naongeza sauti ya redio.

Jumamosi nilikwenda kwa Fundi Lameck, gereji yake iko Majengo. Akaendesha mwenyewe, nimekaa pembeni yake. Lakini pale Majengo utakimbia wapi? Bajaji mbele, mikokoteni ya mahindi pembeni, bodaboda kila upande. Hatukufika hata arobaini. Gari likatulia kimya. Nilitamani kulia.

Lameck hakucheka. Alizima gari akaniambia, "Mwalimu, usiniambie tu linalia. Niambie linalia lini. Ukipata barabara iliyonyooka na haina watu, yumbisha usukani kidogo kushoto, halafu kidogo kulia. Sikiliza linabadilika upande gani. Halafu nipigie."

Siku nne sikuthubutu. Niliwabeba watoto siku nne nyingine, na redio juu.

Leo sikuwa na kipindi baada ya saa nne. Nikatoka mjini, nikapita nyumbani bila kusimama, nikaendelea magharibi hadi pale barabara inaponyooka na nyumba zinaisha. Nilizima redio. Nikafunga vioo. Niliomba kwa sauti, maneno mafupi tu, Bwana nishike.

Hamsini. Ukaanza.

Sitini. Niliusikia kwenye miguu kabla ya masikio, chini ya kanyagio. Nikapeleka gia kwenye nyutro ili injini isinichanganye. Injini ikashuka, mngurumo ukabaki vilevile. Basi si injini. Nikavuta usukani kidogo kushoto.

Ukavimba. Ulijaa gari zima. Nikavuta kulia, ukakatika kama umezibwa mdomo. Kushoto tena, ukarudi.

Ningepaswa kufurahi kwamba sina wazimu. Sikufurahi. Vidole viliganda kwenye usukani, na nyuma yangu lori likapiga honi ndefu kwa sababu nilikuwa nayumbayumba barabarani kama mlevi. Nikaingia pembeni kwenye changarawe. Lori likapita, gari likatikisika kwa upepo wake. Nilikaa pale, siwezi kufungua mlango. Nilikuwa naona kiti cha nyuma kwenye kioo. Upendo alikuwa amesahau kijisweta chake cha shule, cha bluu, kimekaa peke yake.

Niliposhuka nilisogeza kiganja kwenye rimu ya kushoto. Ya uvuguvugu. Nikazunguka, nikagusa ya kulia, nikaurudisha mkono haraka.

Nilimpigia Lameck. Nilivyomaliza kueleza, akasema, "Usilisogeze tena. Hata mita moja. Nakuja."

Nilivunja matawi ya mgunga, nikayapanga barabarani nyuma ya gari ili wenye magari wajue kuna lililoharibika. Miba ilinichoma, sikuisikia. Kisha nikampigia Elia, nikamwambia awachukue watoto shuleni kwa bajaji. Aliuliza kuna nini. Nikamjibu, "Gurudumu."

Lameck alifika na bajaji, jeki na mfuko wa spana miguuni. Akainua gari. Akashika gurudumu juu na chini, akalisukuma na kulivuta. Likacheza. Sikuhitaji kuelezwa, nililiona kwa macho likienda na kurudi.

"Shika mwenyewe," akasema.

Nikashika. Kitu kizito vile, chuma na mpira, kinalegea mikononi mwangu kama jino la mtoto. Akaniambia niweke vidole kwenye springi ya shokapu huku yeye akilizungusha gurudumu. Nilihisi mchanga, kana kwamba kuna mtu ndani anasaga kokoto.

"Beringi imekwisha," akasema. "Ukikata kushoto, uzito wote wa gari unalalia huku kulia. Ndiyo maana ililia vile."

Nikamuuliza swali ambalo sasa natamani nisingeuliza. "Ningefika nalo nyumbani?"

Alifuta mikono kwa kitambaa, taratibu. "Labda ungefika. Labda hata wiki nzima. Na labda ingekatika kwenye mteremko wowote, gurudumu likatoka. Mimi sijui, Mwalimu. Hii haina ahadi."

Alifungua habu yote, kile kitovu cha gurudumu kinachobeba beringi, akaiondoa, akarudi nayo Majengo kwa bajaji, maana beringi mpya huingizwa kwa mashine, si kwa nyundo. Nilisubiri karibu saa tatu nzima. Nilikaa juu ya jiwe nikiwa nimejifunga kanga usoni kwa ajili ya vumbi. Gari lilikuwa limeinama kidogo juu ya jeki na mawe, upande mmoja hauna mguu. Sikuweza kuliangalia muda mrefu.

Elia alikuja kwa bodaboda kabla fundi hajarudi. Watoto alikuwa amewaacha salama nyumbani. Alisimama mbele ya ile sehemu tupu, mikono mfukoni. Lameck aliporudi, Elia akaomba aione beringi ya zamani. Akaizungusha kiganjani. Ilikuwa inakwama, inatoa unga mweusi. Aliizungusha mara nyingi, kama anatafuta upande wa kujitetea.

"Nilikuambia ni woga," akasema.

"Ulisema."

"Pole, mke wangu."

Nilitaka kumjibu kwa ukali. Nilikuwa na maneno, nimeyalea siku zote hizi. Lakini nilipofungua mdomo nilikumbuka redio. Yeye hakuusikia mngurumo ule. Mimi niliusikia, na nikaendesha.

Nililiendesha gari kurudi Zuzu mwenyewe, Elia pembeni. Lameck alisema nijaribu tena kushoto na kulia, nikajaribu. Hakuna kitu, lami tu na upepo. Elia akatabasamu. Mimi nilikuwa nafikiria nyumba ya jirani.

Nilikwenda kabla sijavua hata viatu, nimeshika kile kijisweta cha bluu. Mama Upendo alikuwa uani anapepeta karanga. Nilikuwa nimepanga kusema gari liliharibika, limetengenezwa, basi. Ungekuwa ukweli. Nusu yake.

Nikasema yote. Mngurumo, Majengo, rimu ya moto, redio.

Ungo ukasimama hewani.

"Siku ngapi?"

"Tisa."

"Na ulikuwa unausikia? Mwanangu yumo ndani, na wewe unausikia?"

"Nilikuwa nausikia."

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Alipokea kijisweta, akakikunja mara mbili, akakiweka pajani.

"Nashukuru umekuja kuniambia mwenyewe, Mwalimu," akasema. "Kesho Upendo nitampeleka mimi."

Siku zote ananiita Mama Rehema.

Sasa nipo hapa mezani. Elia anampikia Rehema uji, anajitahidi kuwa mwema, anagonga sufuria kuliko kawaida. Ameniambia Mama Upendo atapoa, hasira ni za leo tu. Sidhani ni hasira. Nimeiona sura ile kwenye kioo changu mwenyewe. Ile ni hofu, na safari hii mimi ndiye niliyempa.

Nimejiuliza kwa haki kabisa: angekuwa Rehema, na gari ni la mtu mwingine, ningempandisha kesho?

Hapana.

Basi kesho asubuhi nitapita getini kwake kama kawaida. Nitasimama. Nitamsalimia yeye na Upendo, sitaomba kitu, sitafungua mlango wa nyuma. Kisha nitaondoka. Na Jumatatu nitasimama tena.