Kivuli cha Cherehani

Mdogo wangu wa pekee,

Pokea salamu zangu ukiwa umeketi, si huku unapiga randa, maana nakujua. Mimi ni mzima kwa rehema za Mwenyezi Mungu. Goti la kushoto bado linanibishia ninapopanda ngazi, ila nimeacha kuligombeza, tumeshazoeana. Vipi kifua chako? Ile dawa ya kikohozi unakunywa, au umeiweka dirishani iwe pambo? Wifi yangu hajambo? Na wanangu je, bado wanagombea kijiko kimoja ilhali vijiko vimejaa kabatini? Wabusu wote kwa niaba yangu, na yule mkorofi mbusu mara mbili.

Barua yako niliipata, ile uliyosema chumba changu tayari, umekipaka rangi, umenitengenezea na kitanda chenye droo chini, imebaki mimi kujibu nakuja lini. Niliisoma nikalia, kisha nikatoka nayo nje nikawasomea majirani, wakalia na wao. Najua nimechelewa kujibu. Uliniuliza kwa simu kama nimekasirika, nami nikakwambia nitaandika. Sikukasirika hata chembe. Ni kwamba huku kumekuwa na mambo, ndugu yangu, mambo! Hata kalamu haitulii mkononi kwa furaha. Nivumilie niyapange.

Unajua walivyoung'oa ule mtambo wa simu hapa hospitali. Miaka yote hiyo mimi ndiye niliyezipokea simu na kuziunganisha, mpaka watu wakalisahau jina langu wakaniita Mama Simu. Sasa simu zinapita kwenye mtandao wa kompyuta, zinajiunganisha zenyewe, na Mama Simu akabaki na kiti bila simu. Nikaambiwa nichague: nistaafu mapema, au niende kitengo cha mtandao kwa majaribio, waone kama nitafaa. Na kazi yenyewe ni kuchora. Nilicheka mbele ya ofisa utumishi. Mimi, niliyeacha shule kabla hata sijajua kushika bikari! Wewe nilikuandikia habari ya kustaafu tu. Hii ya majaribio niliona haitafika popote, nikanyamaza.

Kitengo chenyewe ni chumba chembamba nyuma ya stoo ya dawa, kina baridi kama ndani ya friji kwa ajili ya mashine zao, na nyaya za bluu zimetambaa ukutani kama zinatafuta pa kutokea. Mkuu wetu ni kijana mrefu, kila mlango anauinamia, tunamwita Nguzo. Mwingine ni fundi wa nyaya, mtu wa utani, mdomo wake haujui likizo. Siku ya kwanza aliniona nikisali kabla ya kuwasha kompyuta. Akamwambia Nguzo eti betri za akiba hatuzihitaji tena, Mama Simu keshaunganishwa moja kwa moja na juu. Nikamwambia laini ya huko juu haijawahi kukatika, tofauti na zake. Nguzo alicheka mpaka akakaa chini. Tangu hapo mimi na fundi ni watani.

Sasa sikia shida ilipokuwa. Wodi ya wazazi inapata mtandao kwa waya mmoja tu, nao unapita kwenye mtaro. Mvua ikinyesha maji yanaingia, waya unazimika, na nesi anakuwa wa kukimbia na karatasi mkononi mpaka maabara, huku nyuma mama amelala anasubiri damu. Nguzo alitaka waya wa pili, upite njia kavu. Lakini kila alipoipelekea kamati ya hospitali mchoro wake waliukataa, kwa sababu hawakuelewa. Ulikuwa visanduku na mistari tu, bapa kama umekanyagwa na lori. Mganga mkuu alisema anaona utando wa buibui, hospitali yake haioni. Ndipo Nguzo akaamua tuchore kwa mtindo mwingine, unaitwa isometriki.

Wewe seremala utauelewa upesi kuliko mimi. Jifanye kunguru umetua juu ya tangi la maji, unalitazama jengo kwa juu, kutoka kwenye pembe yake. Unaliona paa, na kuta mbili pia, vyote kwa pamoja. Basi hivyo ndivyo unavyochora. Programu inakutandikia ukurasa wenye mistari ya mshazari. Pembeni kuna majengo madogo, kompyuta, visanduku vya kugawa mtandao, hata vijinyaya. Unakishika unachotaka kwa kipanya, unakiburuta, ukikiachia kinajikalia sawasawa kwenye mstari, tap, kama droo zako zinavyoingia. Nilikuwa naburuta na kuachia, naburuta na kuachia, kama mtoto aliyepewa filimbi.

Na kuna jambo moja lilinishangaza. Kwenye picha ya kamera mtu wa nyuma huonekana mdogo, sivyo? Huku hakuna kinachopungua. Stoo iliyo mwisho kabisa wa uwanja inachorwa kwa kipimo kilekile cha lango lililo mbele ya pua yako. Nikamwuliza Nguzo kama huo si uongo. Akanieleza kwamba mchoro huu ni wa kupimia, na kwenye kupima, kuwa mbali hakumpunguzii mtu urefu. Neno hilo nililala nalo.

Akanishauri nianze kwa kuchora nyumba ninayoifahamu, na mimi nikachagua yako. Ndiyo maana nilimpigia wifi simu kumwomba vipimo. Alicheka, akashika utepe wake wa kupimia nguo, akaizunguka nyumba nzima akinisomea, simu kaibana kwa bega. Hilo la nyumba yako nitalirudia huko chini, lina mambo yake.

Basi ikafika siku ya kamati. Nguzo alikuwa ameniambia wazi: wakiuelewa mchoro, wodi inapata waya wake wa pili na mimi napata kazi. Wasipouelewa, waya unabaki mtaroni na mimi nafungasha.

Mchoro ukaangazwa ukutani. Ndugu yangu, ulipendeza! Majengo yote yamesimama, nimeyavua paa ili vyumba vionekane, nyaya za zamani rangi ya kijani, waya mpya mwekundu. Nikasema moyoni, ahsante Mungu. Sijamaliza kushukuru, mkuu wa dobi akanyoosha mkono. Huyu ni mama wa miraba minne, mashuka ya hospitali nzima yako chini yake, na hata madaktari wanampisha kwenye korido. Akauliza ni nani aliyetoa ruhusa ya kuweka kisanduku cha umeme ndani ya chumba chake cha kufulia, penye mvuke.

Nikatazama. Lahaula! Kisanduku nilikiweka ghorofani kwenye wodi ya wazazi, naapa. Lakini paa nimeondoa, kuta nimeondoa, kwa hiyo kilikuwa kinaelea tu, na nyuma ya wodi ndipo penye dobi. Kwa mchoro huu, kitu kilichopanda juu na kitu kilichorudi nyuma vinaangukia mahali pamoja kwenye karatasi. Mimi niliyechora nilijua kiko juu. Mwingine yeyote angesema kiko kwa dobi, na waya mwekundu nao unakimbilia hukohuko.

Fundi hakujizuia. Akanong'ona, na mnong'ono wake unasikika mpaka langoni, eti Mama Simu kawahamisha wazazi wakajifungulie kwa dobi, mtoto akitoka anapigwa pasi hapohapo. Kamati nzima iliangua kicheko, mganga mkuu akavua miwani akafuta macho. Nikatamani ardhi ipasuke. Mkuu wa dobi peke yake hakucheka. Alisema kitengo chetu kimemzoea, kwanza tulimchukulia ngazi yake hatukuirudisha, sasa tunamletea na masanduku. Mganga mkuu akasema twende tukanywe chai, tukirudi kama mchoro bado una mafumbo, kamati itaingia kwenye mambo mengine.

Wakatoka, tukabaki watatu. Nguzo hakunigombeza. Alivuta kiti akakaa karibu yangu, akaniuliza tu tufanyeje, kama vile na mimi ni mtu wa kuulizwa. Nikafumba macho nikasali sala fupi, nikafumbua nikitazama dirishani. Nje mashuka ya dobi yalikuwa kambani, safu kwa safu, jua linawaka. Kwa jinsi yalivyojaa usingeweza kujua shuka gani liko kamba ya mbele na lipi liko ya nyuma, mpaka uangalie kivuli chake kwenye majani kimeangukia wapi. Nikaruka kitini, goti na lenyewe likasahau kuuma. Nikamwambia Nguzo tumevinyima vitu vyetu vivuli!

Akaelewa hata sijamaliza. Akanionyesha pa kupata rangi nyeusi iliyopauka, na mimi nikaanza kuweka kivuli chini ya kila kisanduku, juu ya sakafu yake mwenyewe, na mstari mwembamba wa nukta wa kukishusha kisanduku mpaka kwenye kivuli. Fundi akaleta chai ambayo hakuna aliyeigusa, akawa ananisomea visanduku kimoja kimoja nisije nikaruka, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakufanya mzaha. Kipanya kilinitii.

Waliporudi, mkuu wa dobi hakukaa. Alikwenda moja kwa moja ukutani, akaweka kidole kwenye kisanduku, akazifuata nukta kushuka, akakuta kivuli, akasema kumbe kiko ghorofani kwa wazazi. Kisha kidole kikashika waya wa kijani, kikatembea nao mpaka mtaroni. Akauliza kama huo ni mtaro ule wa nyuma kwake. Nguzo akakubali. Mama akaacha kidole palepale mtaroni. Akasema yeye ndiye anayeuona ukifurika kila mvua, na hakuna siku mtu alimwambia kwamba mle ndimo umelala waya wa wazazi. Kwamba bintiye alijifungulia pale mvua ikinyesha, na nesi akarudi kutoka maabara ameloa chapachapa, na yeye akadhani ni uzembe wa nesi. Akageuka akaiambia kamati waya wa pili upite kwenye ukuta wake wa upande mkavu, aliye na pingamizi amfuate kwa dobi. Sharti lake ni moja, fundi arudishe ngazi kwanza.

Mganga mkuu akasema leo ameiona hospitali yake. Ikapita! Nguzo kwa furaha alitoka bila kuinama, akaligonga paji la uso kwenye mlango, na bado anacheka. Fundi aliibeba ile ngazi kichwani akipita uwanjani kama bwana harusi.

Na wamenipa ile kazi, ndugu yangu. Mchoraji wa kitengo cha mtandao.

Sasa kaa vizuri. Sitakuja kuishi kwako.

Nilikwambia nyumba yako ina mambo yake. Wifi aliponisomea vipimo hakuficha kitu. Mlango, dirisha, kitanda cha dada. Kisha akasoma meza ya kukatia vitambaa, barazani. Cherehani, barazani, kando ya mlango. Nikaviweka kama alivyosoma, bila kufikiri. Nilipomaliza nikaivua nyumba paa, nikaiangalia kama kunguru. Ndipo nikaona. Chumba chenye dirisha kubwa, kimepakwa rangi, ndani kitanda kimoja cha mtu ambaye hayupo, na kazi yote ya wifi yangu imesukumwa nje, pale mvua inaporushwa na upepo. Chumba hicho ndicho alichokuwa akishonea, sivyo? Naye hajaninung'unikia, alisoma kipimo tu. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni gani huyu ambaye hata begi hajafunga, na mwenyeji keshahamia barazani!

Lakini nisijifiche nyuma ya cherehani. Wewe ni ndugu yangu na Mungu ananiona ninapoandika. Hata chumba kingekuwa kitupu tangu zamani, nisingekuja. Nilimwomba Mungu anipe moyo wa kukubali kuondoka, na kila asubuhi nilijikuta nafunga kilemba haraka nikawahi kile chumba cha baridi. Naitaka kazi hii. Nilidhani umri wangu umeshapita wa kutaka kitu, kumbe nilikuwa bado sijaonyeshwa. Nilichelewa kukuandikia kwa sababu niliogopa utadhani nakidharau kitanda ulichonichongea kwa mikono yako.

Usikivunje. Kiingize kwa wanangu, nitakapokuja likizo nitalala humo, na hizo droo wasizijaze mawe yao. Kama umeumia, niambie umeumia, usininunie kwa simu. Nami niko mbali, lakini nakuomba unipime kwa kile kipimo cha Nguzo.

Nisalimie wifi kwa heshima zote, mwambie utepe wake umefanya kazi kuliko anavyojua. Wasalimie wanangu, na yule jirani yako anayeazima msumeno harudishi, mwambie hapa nina fundi mwenzake. Mungu akulinde, akitulize kifua chako, atukutanishe sote tukiwa wazima.

Ni mimi dada yako,
Mama Simu asiye na simu

Nyongeza: Ndani ya bahasha nimekunja mchoro wa nyumba yako, umechapwa kwa rangi. Meza na cherehani nimevirudisha chini ya dirisha kubwa. Angalia chini ya cherehani utaona kivuli chake kimeangukia sakafu ya chumba, kwa hiyo usije ukasema kwenye mchoro iko barazani.