Ndoo ya Stroberi ya Mama Sumi

Mama Sumi,

Vitu vyako vimeuzwa. Naanza na hilo kwa sababu hukupenda mtu wa kuzungukazunguka.

Mtoto wa kaka yako, yule wa Columbus, alisema mbele ya jeneza kwamba atakutunzia nyumba na vyote vilivyomo. Neno lile lilinichoma. Ndilo mliloambiwa na serikali kule Kanada ulipokuwa mtoto, vita na Japani vilipoanza na Wajapani wote wa huko wakahesabiwa maadui: nendeni kambini, mashamba tutawatunzia. Mkalazwa kwenye mabanda ya farasi. Shamba la stroberi la baba yako likauzwa mngali kambini, bila hata kuulizwa, na hakulikanyaga tena mpaka anakufa.

Ulinisimulia hayo nikikuosha miguu, kazi niliyoajiriwa kwako. Nami nikakueleza ya kwetu Masisi, jinsi kamanda wa wapiganaji alivyomwambia baba yangu tukimbie tu, shamba atatulindia. Leo ng'ombe wa mtu tusiyemjua wanalala pale. Tulicheka sana siku ile, mimi na wewe. Sijui tulicheka nini.

Basi hazikupita wiki nyingi, yeye huyo akapanga vyombo vyako kwenye majani mbele ya nyumba aviuze, na nusu ya mtaa wetu wa Riverside ikaja kuchagua. Yule jirani aliyekuwa akikuletea supu aliondoka na sufuria yako ya wali. Akanitabasamia. Nina hasira naye hadi leo, wala sioni haya kusema.

Ndoo yako uliyopandia stroberi ilikuwa pembeni, pamoja na takataka. Nilizoea kukutania kwa ndoo ile: uwanja wote huo nyuma ya nyumba, unapanda kwenye ndoo? Ukanijibu, "Uwanja haubebeki." Niliibeba bila kumuuliza mtu.

Baba yangu amezeeka, kwa hiyo nimehamia kwake na familia yangu, Shively, kando ya Louisville. Njiani tulipita Columbus, ndoo ikiwa magotini mwangu, na sikugeuza shingo. Huku Louisville kuna joto, Mama, ungelalamika kutwa. Baba aliitazama ndoo, yeye aliyepoteza kilima kizima, akasema, "Bon, uzitoshe mu ndoo, uzipande mu udongo. Kama banataka kunyanganya tena, banyanganye."

Tukazitoa ndooni, tukazipanda uwanjani. Zikatoa zile kamba zao zinazotambaa, nikazibana chini kwa pini za nywele kama ulivyonifundisha, na kila kamba ikaota mche. Nimeshawapa akina mama wa kanisani, na mzee wa nyumba ya pili.

Nimekukosa. Hakuna anayenigombeza vizuri kama wewe.

Pumzika, Mama Sumi. Siahidi kukutunzia kitu, neno hilo silitaki tena mdomoni mwangu. Naahidi kugawa miche mpaka kila uwanja wa mtaa huu uwe nayo. Halafu hao wanyang'anyi waje na makaratasi yao. Wataanzia mlango gani?

Wako,
Furaha