Mkono wa Trekta Unashuka Wenyewe, na Baba Mkwe Anataka Kuingia Mtaroni

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla Jumamosi haijafika, maana usingizi umenikimbia na chakula nakitafuna tu bila kusikia ladha. Mimi ni mchimbaji wa mitaro ya mabomba, kazi niliyoianza kwa sururu na koleo hadi kiuno kikaanza kulia, ndipo nikanunua trekta dogo la zamani lililokuwa likilima mashamba ya watu, na baadaye nikapata mkono wa kuchimbia, ule wenye ndoo ya meno unaofungwa nyuma ya trekta, nao ni mtumba. Mkono huo hauna injini yake, unasukumwa na oili inayotoka kwenye pampu ya trekta, na aliyeniunganishia mipira ya oili ni baba mkwe wangu, fundi magari mstaafu.

Sasa hapo ndipo penye mwiba, mshauri. Baba mkwe alipatwa na kiharusi mwaka jana, mkono wa kulia ukalegea, jicho moja likapungua nuru, akawa mtu wa kukaa kitini na kutazama ukuta, hanyoi ndevu, ukimsalimia anaitikia kwa kichwa, lakini siku nilipoileta ile mashine aliinuka mwenyewe akaitisha spana, na tangu hapo amerudi kuwa mtu, anafoka, anatania wajukuu, anamwambia mke wangu, "Chai yako ya leo imeogopa majani," na nyumba nzima ikapona pamoja naye.

Lakini mashine haikuwa sawa tangu mwanzo. Ndoo ilikuwa ikiinuka polepole kama mgonjwa anayetoka kitandani, baba mkwe akasema trekta halijaamka, akakaza skrubu ya ile valvu inayozuia presha isipite kiasi, akakaza tena, akaniambia, "Sasa utaona moto!" Moto kweli niliuona, maana kasi haikuongezeka hata kidogo ila pampu ilianza kupiga mayowe, oili ikachemka hadi chuma hakishikiki, na mpira mmoja ukavimba ubavuni kama shavu lenye jino bovu. Juzi tukiwa uani niliuinua mkono juu nikaachia vishikio nifute jasho, mara ukashuka wenyewe, kimya kimya, puu, pale pale alipokuwa amesimama baba mkwe, ila Mungu si Athumani, alikuwa ndiyo kwanza amesogea kuokota spana. Alicheka akasema, "Mashine nayo huchoka." Mimi sikucheka, nilizima trekta.

Nikamwita kwa siri fundi mwingine wa mashine, akazunguka trekta, akaguna, akauliza, "Nani kafunga hivi? Mwambie aifungue kabla haijamfungua yeye." Nikamweleza mke wangu, akalia, akasema, "Ukimwambia Baba amekosea utakuwa umemrudisha kwenye kile kiti, na mimi usinitafute." Na Jumamosi tunachimba mtaro wa maji kwenda nyumbani kwa baba mkwe mwenyewe, jirani na kwetu, majirani wameshaambiwa, naye ametangaza kwamba ataingia mtaroni na pima maji, aangalie mteremko wa bomba huku mimi nachimba mbele yake.

Nimewaza kumwaga dizeli, nimewaza kujilaza nijifanye mgonjwa, nimeomba mvua na mvua haiji. Huyu ni mkwe, mshauri, mtu ambaye hata kumtazama usoni nikiongea naye sijazoea, nitaanzia wapi kumwambia kazi ya mikono yake ni mbovu?

Mkwe Aliyebanwa

*

Mkwe uliyebanwa,

Barua yako niliisoma nimesimama. Ilinifikia Alhamisi, na safu hii hutoka Jumatatu, kwa hiyo nilikupigia simu siku hiyo hiyo. Umeniruhusu niyaandike tuliyozungumza, kwa sababu wako wengine wenye trekta kama lako na wakwe kama wako.

Kwanza nikugombeze. Heshima gani hiyo ya kumwacha mzee aingie shimoni, chini ya chuma kinachoshuka chenyewe? Unaogopa kumrudisha kitini, huogopi kumpeleka kaburini? Mficha maradhi kifo humuumbua, na maradhi haya uliyaona kwa macho yako, ukaishia kuomba mvua!

Mimi si fundi, nikamuuliza anayezijua mashine hizi. Kasi ya mkono inatokana na wingi wa oili, presha inaleta nguvu tu. Pampu ya trekta dogo la zamani ilitengenezwa kuinua jembe, haitoi oili ya kutosha kuendesha mkono kwa haraka. Ukikaza ile skrubu huongezi oili hata tone, unangoja tu kitu kipasuke. Dawa yake ni pampu ya peke yake, inayozungushwa na shafti ya nyuma ya trekta, yenye tangi na chujio lake, na ukubwa unaolingana na huo mkono. Skrubu irudishwe kwenye kipimo cha kiwandani, kwa geji ya presha, si kwa kukisia. Mkono unaoshuka wenyewe una sili, yaani mpira wa kuzuia oili, au valvu inayovujisha ndani, nazo zishughulikiwe. Mpira uliovimba utupwe. Na usithubutu kupapasa mpira unaovuja kwa kiganja, oili yenye presha hupenya ngozi kama sindano. Ikikupata, kimbia hospitali hata kama huumwi.

Kuhusu mzee nilikuambia hivi: nenda peke yako, bila yule fundi, bila mkeo. Usitaje kosa. Sema ulichokiona, na useme unaogopa. Hofu si tusi.

Ijumaa jioni ulinipigia. Ulimkuta barazani akipangusa spana zake, ukamwambia, "Baba, ule mkono ulishuka wenyewe. Ungekuua mbele yangu." Akaiweka spana chini. Kisha akauliza, "Kwa hiyo ulishuka kweli?"

"Ulishuka, Baba."

"Siku ile nilicheka kuficha tu, nilidhani ni hili jicho linanidanganya. Nikasema nikitaja tu, mtanikalisha."

Kumbe mtaroni alitaka kuingia ili asionekane bado mgonjwa! Nilipokata simu nilimpigia baba yangu, maana mimi pia ninaye.

Jumamosi mtaro ulichimbwa kwa koleo, majirani wakinung'unika na mzee ukingoni akiwapigia kelele za mteremko. Vizuri. Sasa nisikilize. Trekta lilale hapo, ndoo imeshushwa hadi chini, mpaka pampu ipatikane. Akachague mzee mwenyewe, na yule fundi mwingine aje akague mbele yake, waziwazi. Fundi hukaguliwa na fundi mwenzake, hakuna aibu hapo. Mkeo naye aambiwe yote, na akome kukuziba mdomo. Kisha wekeni sheria ambayo haina mgeni wala mwenyeji: injini ikinguruma, hakuna mtu mtaroni wala chini ya mkono, hata ukishatengenezwa ukang'aa, hata akiwa mkwe. Hasa akiwa mkwe.