Mama, Filamu za Yule Mzee wa Poland Zimefika Louisville

Mama yangu mpendwa,

Filamu za yule mzee wa Poland zimefika huku Louisville. Zote, kuanzia ile aliyoitengeneza ujanani mpaka ya mwisho kabla hajafa, zimeonyeshwa wiki nzima katika ukumbi mdogo katikati ya mji. Nakuandikia kwa sababu hakuna mtu mwingine ambaye ningemwambia "zile filamu" akajua ninazungumzia nini.

Tulikuwa bado Buffalo, nawe ulikuwa unamhudumia Bi Halina kule Kenmore, yule bibi wa Kipolandi ambaye hakutaka aogeshwe na mtu mwingine isipokuwa wewe. Binti yake akakupa tiketi mbili. Alisema mama yake alizipenda sana filamu hizo alipokuwa na nguvu. Sasa hawezi kutoka, basi nendeni nyinyi. Ulivaa kitenge cha kanisani juu ya suruali nzito ya baridi, na viatu vya theluji. Watu wakatuangalia, wewe ukawasalimu wote.

Niliinamia sikio lako nikawa nakutafsiria maandishi ya Kiingereza yaliyopita chini ya picha. Lakini maneno yalikuwa machache. Farasi alisimama ndani ya nyumba isiyo na paa. Ukungu ulishuka polepole hadi mto ukapotea. Mwanamke alimenya viazi, muda mrefu, bila mtu kusema kitu, na mwanga wa dirishani ukahama kutoka mikononi mwake ukaenda ukutani. Nikaanza kukueleza kwamba pengine vita ndiyo imekwisha. Ukanishika mkono.

"Nyamaza kwanza, Yosefu. Niko naona."

Kisha mwanamke yule akatoka kuanika nguo. Hakuwa na kamba. Alizitandaza kwenye majani, mlimani. Upepo ukainua shati la mtoto, naye akaenda akalikalia lisipeperuke. Akabaki ameketi pale hadi picha ikawa nyeusi. Mtoto mwenyewe hatukumwona filamu nzima.

Ulisimama ukatoka. Nilikukuta kwenye benchi karibu na mlango, mikono mapajani.

"Siku ile nilikuwa nimeanika nguo za Eli," ukasema. "Tukakimbia, zikabakia kule ku majani."

Eli, mdogo wangu. Tangu tushuke kutoka milima ya Kivu, mimi nikiwa mgongoni mwa mjomba, hukuwahi kulitaja jina lake mbele yangu. Nilijua tu kwamba Mungu alimchukua njiani. Siku hiyo uliniambia yaliyobaki: kwamba homa ilimshika porini, kwamba ulimvalisha blauzi yako kwa kuwa hakuwa na nguo nyingine, na kwamba mlimzika nayo kando ya kijito, mkapanga mawe. Ulisema bila kulia, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Halafu ukaniuliza, "Bon, ile ingine inaanza saa ngapi?"

Tukarudi ndani.

Baadaye mimi nikaja huku kufanya kazi ya ghala, nawe ukahamia Columbus kwa mama mdogo Rebeka, kwenye kanisa lenye watu wetu wengi. Ulianguka jikoni kwake, sufuria ya majani ya sombe ikiwa motoni. Nilipofika ulikuwa umeshakwenda. Sebule ilijaa watu, kwaya ikaimba, mchungaji akasema maneno mazuri ambayo sikumbuki hata moja. Mama mdogo alinishika mabega, akanitikisa.

"Lia, mwanangu. Ukibakia hivi utagonjwa."

Nilimwambia nitalia. Nikaenda kupanga viti. Tulipokwisha kukuzika niliendesha gari kurudi, na Jumatatu nilikuwa kazini nikiskani maboksi. Watu wananiuliza naendeleaje, nasema vizuri, na sioni kama ninadanganya. Ninakula. Ninalala. Nasikia wimbo ulioupenda, nausikia ukianza na kuisha.

Kwa hiyo nilidhani filamu itanisaidia. Nilikwenda na mjukuu wako Neema, yule aliyekuita Koko, Jumapili baada ya ibada. Alinuna kwa sababu haina rangi. Nilisubiri zile nguo. Zikaja. Nilimtazama mwanamke akikalia shati, na nilichosikia ni mashine ya joto ikivuma darini, na unyevu kwenye soksi yangu. Nikasubiri tena. Picha ikawa nyeusi, taa zikawaka.

Garini Neema akauliza, kwa Kiingereza kama kawaida yake, mtoto wa lile shati alikwenda wapi. Nilimjibu kwamba filamu haisemi. Kisha nikamweleza habari za Eli, zote, kama ulivyonieleza, na kwa sauti ileile. Alipoongea tena ilikuwa kwa Kiswahili.

"Na Koko alirudi ndani kuangalia filamu?"

"Alirudi."

"Na alikuwa amekaa kimya miaka yote hiyo?"

"Yote."

Basi hapo akaanza kulia, Mama. Alilia kwa sauti, mdomo ukipinda upande kama wako, na machozi yakilowesha mkanda wa kiti. Nilimpa karatasi za kufutia uso. Alilia hadi tukafika nyumbani Shively. Mimi niliendesha.

Lala, Mama. Mtoto huku anamjua Eli.

Mwanao wa kwanza, ambaye bado hajalia.