Karatasi Niliyokutumia Kolo

Chamwino, 14 Septemba 1993

Kaka Khamisi,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Leo ni miezi saba na siku nne tangu niondoke Kolo. Mimi ni mzima, ila mgongo umechoka kwa kufyatua matofali. Kifua cha mama kinaendeleaje?

Bado nipo kwa Daktari Octavian, yule mzee anayejenga hapa kwao. Nilikuandikia kwamba simwamini. Mtu amezaliwa hapa akichunga mbuzi, hesabu zikampeleka Ulaya, akafundisha chuo kikuu Dar es Salaam miaka ishirini. Wenzake sasa wanafungua kampuni, yeye anarudi kwenye vumbi na masanduku ya karatasi? Siku hizi kila mgeni anayepita milimani anatafuta mawe ya kuuza. Aliposikia natoka Kolo, aliniuliza miamba yetu imekaaje, na kama ardhi hutikisika. Chumba chake kina kufuli. Barua zake zina stempu za nje. Frida anayetupikia alisema huyo ni mganga; Seth fundi akamcheka, akauliza ni mganga gani huyo asiye na mteja hata mmoja.

Siku moja nilimpelekea maji, nikaona mchoro mezani: mstari unapanda na kushuka kama kilima chetu, chini yake matabaka, na alama ya msalaba. Nikajua ni mali waliyofukia Wajerumani. Ndiyo karatasi niliyompa Shamimu akuletee alipokuwa akija huko.

Nilikuambia niliiokota jalalani. Kaka, niliiiba.

Wiki tatu sasa Daktari anapekua masanduku, na mimi mwenyewe namsaidia kutafuta. Jana alinichorea upya mstari ule ule, akanieleza kwamba si kilima. Ndivyo tetemeko linavyosafiri ndani ya miamba, na msalaba ni pale linapoanzia. Hesabu ya mwendo huo, iliyokuwa kwenye karatasi ile, ameihangaikia tangu ujana wake, akaipata mwaka huu, na wenzake wa nje wanaisubiri. Sasa kila akiianza upya inamkatikia katikati. Nilingoja anishuku, hakunishuku. Alisema: "Abdulrahim, nadhani akili imeanza kuniacha. Ukurasa huo labda sikuwahi kuuandika."

Nilirudi kwenye matofali. Mimi wa darasa la nne sielewi hesabu za tetemeko zinamsaidia nani, lakini mwizi katika nyumba hii namjua.

Umeniandikia kwamba shimo unalochimba kutafuta mali hiyo limefika kimo cha mtu, karibu na kaburi la baba. Lifukie. Karatasi usiikunje tena, na mama asije akaiwashia moto. Usimpe mtu ailete. Nitaifuata mwenyewe nimkabidhi mkononi, hata akinifukuza.

Mama msalimie sana, ila haya usimsomee. Watoto waambie nawakumbuka.

Nipokee kwenye basi la jioni, Ijumaa ya wiki ijayo, tarehe 24. Uje na karatasi.

Mdogo wako,
Abdulrahim